Nikon Monarch M7 8x42 ufukweni: inatosha kwa wikendi ya ndege wa pwani?

Darubini ya macho mawili inayokuza mara 8 au mara 10? Hilo ndilo swali la kila anayejiandaa kwenda pwani mwezi Machi kutazama ndege wahamao kabla hawajarudi kaskazini kuzaliana. Kwa ufukweni jibu letu ni 8, na katika darubini za daraja la kati, Monarch M7 8x42 inaonyesha vizuri kwa nini.

Namba ya kuangalia kwanza ni 8.3. Hizo ni nyuzi za uwanda wa kuona, sawa na upana wa mita 145 ukitazama umbali wa mita 1,000. Monarch M5, ndugu yake wa Nikon wa ukubwa huohuo, ina nyuzi 6.4, yaani mita 112. Ukipiga hesabu ya eneo badala ya upana, M7 inakuonyesha karibu theluthi mbili zaidi. Faida yake utaiona kundi la vitwitwi, ndege wadogo wa ufukweni, linapoinuka kwa pamoja, likageuka juu ya mawimbi na kushuka kwingine: wenye uwanda mwembamba hubaki wakitafuta kundi limekwenda wapi, na ndege wakitua tu sura yao ya kuruka imeshapotea. Sura hiyo ndiyo inayotenganisha vitwitwi wawili: Calidris ferruginea, mwenye kiuno cheupe, na Calidris alpina, ambaye kiuno chake kimekatwa na mstari mweusi. Wakiwa wamesimama kwenye tope na manyoya ya majira ya baridi, hawa wawili huwachanganya hata wazoefu.

Gawanya 42, upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, kwa 8 ya ukuzaji upate 5.25. Huo ni upana, kwa milimita, wa duara la mwanga linalofika jichoni. Ya 10x42 hutoa 4.2. Watu hulisifu duara pana kwa ajili ya mapambazuko, na ni kweli, lakini pwani linasaidia zaidi kwenye upepo: mikono ikitikisika, jicho halitoki nje ya duara kirahisi na picha haikatiki vivuli vyeusi. Mtikisiko wenyewe nao hukuzwa mara 10 badala ya 8. Kwenye upepo mkali, ile 10 uliyoinunua kwa ajili ya maelezo madogo inakunyima maelezo hayohayo.

Kioo cha ED, kinachopunguza michirizi ya rangi, kinafanya kazi yake. Yangeyange mweupe mbele ya anga linalong'aa ndiye mtihani mgumu kwa lenzi, na hapa michirizi ya zambarau kandokando ya mwili ni midogo, mradi umemweka katikati. Pembezoni picha hulegea, kwa sababu M7 haina lenzi za kunyoosha uwanda zilizomo kwenye Monarch HG, ya daraja la juu zaidi. Kwa ndege si tatizo. Kwa anayetaka pia kutazama nyota, ni tatizo.

Wavaa miwani wazingatie hili: umbali wa jicho kutoka kwenye lenzi ni milimita 17.1, na M5 inatoa 19.5. Vikombe vya macho, vile vya mpira unavyoegemezea jicho, vishushwe hadi chini kabisa. Kama bado huoni duara lote la uwanda, miwani yako inakaa mbali mno na M7 si yako, hata isifiwe vipi.

Malalamiko mengi ya "haionyeshi vizuri" hutokana na kutoilinganisha na macho. Kunja au kunjua bawaba mpaka maduara mawili yawe moja. Chagua kitu chenye ncha kali, kama nguzo au maandishi ya mbali. Funika lenzi ya mbele ya kulia, zungusha gurudumu la kati mpaka jicho la kushoto lione safi. Kisha funika ya kushoto na, bila kugusa tena gurudumu la kati, zungusha pete ya jicho la kulia mpaka iwe safi, halafu ifunge. M7 ina kufuli kwenye pete hiyo. Kwenye darubini zisizo nayo, pete husogea ndani ya mkoba na mtu akashinda na kichwa kinachouma bila kujua chanzo.

Sasa mipaka yake. Kwa mara 8, ndege aliye mita 240 huonekana kama yuko mita 30. Shakwe utamtambua, kitwitwi Calidris alba pia, kwa tabia yake ya kukimbizana na wimbi. Lakini herufi za pete ya rangi ambayo watafiti humvisha ndege mguuni hutazisoma, wala hutatenganisha vitwitwi wadogo waliosimama mbali. Hapo unahitaji teleskopu ya 20-60x, yaani inayokuza mara 20 hadi 60, yenye lenzi ya milimita 65 au 80 juu ya tripodi nzito, miguu ikiwa imefupishwa ili upepo usiitikise. Hata hiyo ina saa zake. Jua likishapasha mchanga, hewa juu ya tope huchemka, na kuzidi mara 30 au 40 unakuza mawimbi ya joto tu.

Ndiyo maana jedwali la maji kupwa na kujaa linakupa zaidi kuliko lenzi yoyote. Fika saa mbili au tatu kabla ya maji kujaa, ukae jua likiwa mgongoni, uyaache maji yawasukume ndege kuja kwako. Kujaa huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo kama Jumamosi ni saa 2:00 asubuhi, Jumapili itakuwa karibu saa 2:50. Kwenye maji mafu, yanapojaa kidogo tu, tope halifunikwi lote na ndege hubaki mbali. Kwenye bamvua, maji yanapojaa sana, ambalo karibu na tarehe 20 Machi huwa kubwa kuliko kawaida, sehemu zao za kupumzikia zinaweza kufunikwa kabisa na wakahamia bara. Siku chache kabla ya kilele cha bamvua ndizo tunazozipenda. Vichwa vikianza kuinuka kundi zima, acha kusogea papo hapo. Wanajaza mafuta ya safari, na kila mruko unayachoma.

Kuhusu maji ya chumvi: Nikon inaihesabu M7 kuwa inahimili kina cha mita 1 kwa dakika 10, ikiwa na gesi ya naitrojeni ndani. Tumia sifa hiyo kuisafisha. Jioni, kabla ya kitambaa chochote, pulizia mchanga utoke kwa kipulizio cha mpira, kisha pitisha maji baridi yasiyo na chumvi, polepole, juu ya lenzi, gurudumu na vikombe. Futa kwa kitambaa laini kilicholowa, na iache ikauke kivulini nje ya mkoba. Kufuta chumvi kavu kwa pindo la shati ni kuipiga lenzi msasa. Tabaka la nje linalofukuza maji na mafuta halikuwekwa kwa ajili ya hilo. Mkwaruzo wa mchanga kwenye gurudumu usikufanye uchukue bisibisi, maana ukifungua gesi inatoka.

Ukishuka kwenye gari lenye kiyoyozi, ukungu utatanda juu ya lenzi, na huo huisha wenyewe baada ya dakika chache. Ukungu usiofutika nje wala ndani ya vikombe uko ndani ya mwili wa darubini: muhuri umepasuka, na hapo ni kazi ya fundi wa kiwandani na dhamana.