Barabarani ama debeni: kijana wa Kenya anasukuma nchi wapi zaidi?

Hii kitu iko kwa akili yangu tangu Juni 2024. Mswada wa Fedha ulitaka VAT ya 16% kwa mkate na ushuru wa 2.5% kwa gari kila mwaka, na vijana hawakungoja mwanasiasa awaelezee, walifungua simu wakausoma, huyu akaueleza kwa lugha ya kwao, yule kwa lugha ya ishara, yote iko TikTok dunia nzima inaona. Tarehe 25 wakaingia bunge, tarehe 26 Rais Ruto akasema hatausaini. Siku moja! Hiyo spidi debe haina. Lakini bei yake ilikuwa damu, kuna wazazi walizika watoto, na hiyo siwezi kuipita haraka.

Debe nalo ni polepole, miaka 5, foleni, wino kwa kidole. 2022 vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa karibu 40% ya waliojiandikisha, chini kuliko 2017, na hapo ndo mimi huumia sana. Barabara inazuia sheria mbaya, sawa, lakini haipitishi bajeti. MCA, yule mwakilishi wa wadi kwa bunge la kaunti, ndiye anapitisha ya kaunti, ya zahanati yenu, na wadi zingine kura mia chache tu zinamtoa.

Mimi nachagua debe, lakini na simu mkononi, kama 2022 vile fomu 34A, zile za matokeo ya urais ya kila kituo, ziliwekwa kwa portal ya IEBC, tume ya uchaguzi, na watu wakajijumlishia wenyewe. Kama hujajiandikisha kupiga kura, beba kitambulisho uende ofisi ya IEBC wiki hii.