TAHADHARI: Kuna tapeli anauza "kibali cha kupigia picha" Magee Marsh, Ohio

Wapenzi wa ndege na kamera, kama mnapanga kwenda Marekani mwezi Mei kupiga picha za wabla (warblers, ndege wadogo wanaohama), someni hii kabla hamjatuma hata dola moja. Mimi nimeshalizwa 380.

Jamaa ana ukurasa mtandaoni, anajiita mwongoza wageni. Anauza "kibali cha mpiga picha" cha siku 3 kwenye ile njia ya mbao ya Magee Marsh, kando ya ziwa Erie, pamoja na "nafasi maalumu" ambayo eti watalii wa kawaida hawafiki. Alizungumza kwa adabu, anajibu usiku wa manane, picha zake zinatoa udenda. Nikalipa.

Siku ya kwanza nimefika alfajiri, naulizia lango la wapiga picha. Mzee mmoja mwenye darubini shingoni akanitazama kwa huruma: "Lango gani? Ingia tu." Kweli, ni bure. Kuingia bure, kuegesha gari bure, hata wakati wa lile tamasha kubwa la watazamaji ndege la Mei. Hifadhi ni ya jimbo la Ohio na njia ya mbao iko wazi kwa kila mtu. Nafasi maalumu hakuna: mnabanana begani wote, na ndege anatua anapotaka yeye. Nilimpigia yule bwana, simu ikaita mpaka ikakata. Jioni nikakuta ameshanifungia.

Kinachoniuma zaidi si hela. Ni kwamba dalili zilikuwepo, nami nikazipita kama kipofu.

Aliniahidi aina 30 za wabla kwa siku, "uhakika". Hakuna binadamu wa kuahidi hivyo. Hawa ndege husafiri usiku wakielekea kaskazini, wakikuta ziwa mbele yao wanatua kwenye kile kipande cha msitu kupumzika na kula wadudu kabla ya kuvuka. Upepo wa kusini ukivuma usiku, asubuhi miti inajaa. Upepo ukigeuka, waliokuwepo wanabaki na wapya hawaji. Siku yangu ya pili ilikuwa kimya kabisa, ya tatu ndege walikuwa wengi hadi sikujua nielekeze kamera wapi.

Halafu alinisukuma nikodi kwake lenzi ya 600 mm f/4, ile kubwa ya kuvuta vitu vya mbali, kwa malipo ya ziada. Bahati nzuri nilikataa kwa sababu ya uzito. Mtu aliyewahi kusimama pale hawezi kukushauri hivyo! Wabla wanakuja mita mbili kutoka usoni pako, na lenzi hizo kubwa hazishiki fokasi chini ya mita 4. Nilitumia lenzi yangu ndogo ya zamani, 100-400 mm, na mara kadhaa nilirudi nyuma nikawakanyaga watu. Yule wabla aitwaye Blackburnian, mwenye koo la rangi ya kaa la moto alijaa fremu nzima.

Alitaka pia pesa zitumwe kwa njia ya kumtumia rafiki, "tukwepe makato". Njia hiyo haina ulinzi wa mnunuzi, na ndiyo maana nilipolalamika nilijibiwa kwamba nilituma kwa hiari yangu. Lipeni kwa kadi, au msilipe.

Ila aibu kuu ni hii. Kwenye albamu yake ya "Ohio, Mei" kuna picha safi ya kerem-kerem wa Ulaya. Kerem-kerem! Ndege wa Ulaya, Asia na Afrika, Marekani hayupo. Mimi ninayejidai kujua ndege niliipenda ile picha, nikaweka na moyo. Baadaye nilizitafuta picha zake kwa kutumia picha yenyewe badala ya maneno, zikatokea kwenye kurasa za watu wanne tofauti.

Sisemi waongozaji wote ni matapeli. Wapo wazuri, na kwa mgeni ambaye hajui sauti za wabla, mwongozaji mmoja wa asubuhi anaokoa muda mwingi. Lakini huyo unamlipa kwa macho na masikio yake. Akikuuzia ruhusa ya kuingia Magee Marsh, kimbia.

Nimehifadhi mazungumzo yote na risiti, na nimeshatoa taarifa benki. Kama umelipa na hujasafiri, wahi leo kuomba muamala usimamishwe. Ukurasa ameubadilisha jina mara mbili tangu nianze kumdai, ila kerem-kerem bado yupo palepale juu.