Muyenga au Buziga: kuzunguka kwa baiskeli ukitazama ziwa

Kampala, Ziwa Victoria huonekana vizuri toka vilima vyote viwili. Muyenga, penye matangi ya maji kileleni, ni lami kwa sehemu kubwa: jaza tairi psi 35 (psi ni kipimo cha shinikizo la hewa), na kwenye kona chunga bodaboda.

Buziga ndiko kwenyewe. Mvua huchimba makorongo kwenye udongo mwekundu, hivyo tairi la inchi 2.3 lisilo na tyubu lijazwe psi 25 tu. Lenye tyubu lisipungue 30, la sivyo jiwe litaibana tyubu kwenye rimu na kuitoboa matundu mawili sambamba. Kuteremkia Munyonyo, kando ya ziwa, breki ni kubonyeza na kuachia, zisichemke. Baada ya mvua tope hukwama kwenye foku, uma unaoshika gurudumu la mbele, hadi gurudumu ligome. Siku hiyo nenda Muyenga tu.