Mbegu za asili: ghala la Svalbard au benki ya jamii?

Kwenye ghala la akiba la dunia huko Svalbard, visiwa vya Norwei, mbegu hulala kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri tangu 2008. Ni bima ya kweli: mwaka 2015, vita vya Syria vilipoitenga ICARDA, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha maeneo kame, na hifadhi yake ya mbegu ya Aleppo, ilichukua akiba yake Svalbard. Ila mbegu iliyogandishwa haijifunzi kitu.

Kwenye benki ya mbegu ya jamii, mkulima hukopa mbegu kabla ya mvua, akivuna hurudisha na ziada. Ikipandwa kila msimu, mbegu huzoea ukame na wadudu wa hapo, na bibi humwonyesha mjukuu suke la kuacha likomae. Udhaifu? Unyevu, panya, na mwenye ufunguo kusafiri siku ya kupanda!

Ningeanza na ya jamii. Nakala ningezipitishia benki ya mbegu ya taifa, maana Svalbard haipokei kifuko cha mkulima mmoja mmoja.