Sifuri ya laki nne: uzoefu wangu na fundi wa dibaga

"Mama, kwani hiyo FreeBSD hapa Arusha anaitumia nani?"

Niliambiwa hivyo, kuhusu mfumo endeshi wa kompyuta zetu, nikiwa nimesimama, maana kiti sikupewa, kwenye ofisi ya watu ghorofani, hatua chache kutoka Mnara wa Saa, mbele ya vijana watatu waliokuwa wanakula chipsi mayai. Vijana wakacheka. Mimi viatu vina tope la Unga Limited mpaka kwenye kisigino, na laki nne zangu zote nilishampa fundi wa ofisi hiyo. Naandika bado nina hasira, kwa hiyo anayetaka maoni ya mtu aliyetulia asubiri wengine.

Kazini kwetu tuna ghala la nafaka na mizani ya kupimia malori. Programu inayosoma uzito kutoka kwenye mizani naitunza mimi, imeandikwa kwa C. Ikileta shida tunaichunguza kwa dibaga, yaani programu ya kusimamisha programu nyingine na kuichungulia ndani. Ni yetu wenyewe, ya terminali, iliyoandikwa na mwenzetu ambaye siku hizi hayupo. Mistari kama elfu tatu tu. Najua mtakachosema. Kuna dibaga za watu: GDB ipo tangu 1986, LLDB inakuja na FreeBSD yenyewe, na zote ninazo. Lakini hii yetu amri zake ni za Kiswahili: simama, hatua, endelea, chungulia. Ukiandika "chungulia tiketi" inakupangia tiketi nzima ya mizani, namba ya gari, uzito wa kuingia, uzito wa kutoka. Vijana wa zamu ya usiku ambao hawajawahi kukalia dawati la darasa la kompyuta wanaitumia, wananisomea kwenye simu saa nane usiku nikiwa kitandani Njiro, nami nawaambia cha kufanya. Hiyo GDB nenda kawafundishe wewe.

Basi tukatoka Linux tukahamia FreeBSD. Bosi alisikia habari za ZFS, mfumo wake wa kuhifadhi mafaili, kwa shemeji yake, na kwa mara ya kwanza shemeji huyo alileta jambo la maana. Dibaga ikabaki upande wa Linux. Kichakataji ni kilekile, hivyo kituo cha kusimama bado ni baiti ileile ya 0xCC unayoipachika juu ya maelekezo ya programu. Hapo hakuna cha kugusa. Kazi iko kwenye mlango wa kuongea na kiini cha mfumo, yaani ptrace. Jina ni moja kote, ila ni kama watoto pacha waliolelewa na bibi wawili. Ukiomba rejista, zile hifadhi ndogo za ndani ya kichakataji, Linux anataka umwonyeshe pa kuziandika kwenye hoja ya nne, yaani thamani ya nne unayoipa ptrace, FreeBSD anataka kwenye ya tatu. Rejista inayoshika anwani ya maelekezo yanayofuata kule inaitwa rip, huku r_rip. Vitu vya namna hiyo. Ni kazi ya wiki moja kwa mtu aliyetulia, na mimi sikuwa nimetulia, malori ya mavuno yalikuwa yamepanga foleni mpaka barabarani. Nikasema nimpe fundi.

Siku ya kwanza nilikaribishwa kifalme. Mama karibu, mama soda baridi au ya kawaida. Chalii anaongea vizuri, anajua anachokisema, nikatoa laki mbili palepale. Baada ya kama wiki mbili akaniita nije kuona. Simama, programu ikasimama. Hatua, ikasogea. Hatua, hatua, hatua. Chungulia tiketi, na tiketi hiyo hapo, imenyooka. Nilifurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya Krismasi, nikamalizia laki mbili nyingine bila hata kuombwa. Endelea hakunionyesha. Nami sikumwomba anionyeshe. Hilo nalibeba mwenyewe.

Usiku wa kwanza wa kuitumia kweli, kuna lori la mahindi limepanda mizani na uzito unaruka ruka. Kijana wa zamu akajiunga na programu kwa dibaga, akaweka kituo, ikasimama, akachungulia, safi kabisa, akanisomea namba zote. Nikamwambia haya, endelea, tuachie lori. Akaandika endelea. Programu ikafa. Ishara ya 11, ile ya kugusa kumbukumbu usiyoruhusiwa, anwani ya maelekezo 0x0, yaani sifuri. Akaiwasha upya, tukarudia, ikafa tena. Dereva huko nje anapiga honi, kijana ananiuliza, "Mama, nimeiua mimi?" Sijui kama mnaelewa uchungu wa dibaga inayoua. Ni sawa na kumpeleka mtoto apimwe joto halafu kipimajoto chenyewe kimpige shoti.

Asubuhi nikaenda mjini, mvua inanyesha, ndipo tukafika kwenye hayo ya chipsi mayai. Nikaeleza. Chalii hakufungua hata laptopu. Akafuta mkono kwa karatasi, akaniambia, "Mama, programu yako ni mbovu. Dibaga haileti kosa, inaonyesha kosa."

Kinachoniuma ni kwamba hiyo ni sentensi nzuri. Ningeisema mimi kwa mwanafunzi. Nikamwomba basi aandike programu ya mistari mitano tu, ya kuhesabu moja mpaka kumi, tuijaribu pamoja, dakika mbili. Akasema ana wateja. Wateja wenyewe ni wale wenye tomato mdomoni. Ndipo likaja hilo la FreeBSD anaitumia nani, na kicheko, nami nikashuka ngazi nimevimba koo. Mtu mzima nimeaga kwa adabu kabisa, "haya mwanangu, kazi njema," na mpaka leo najuta kuaga.

Nyumbani umeme hakuna, nina chaji ya laptopu kama robo hivi. Nikaandika ile programu ya kuhesabu mwenyewe. Simama, ikasimama. Endelea, ikafa, 0x0. Kwa hiyo programu ya mizani haikuwa na dhambi yoyote, na sentensi nzuri ya chalii ilikuwa nzuri tu. Nikafungua kurasa za mwongozo za ptrace, ambazo ziko ndani ya mfumo wenyewe, hazihitaji bando, hazihitaji umeme wa mtu, unaandika man ptrace zinakuja. Nikasoma PT_CONTINUE, ombi la kuiendeleza programu iliyosimama. Ukurasa unasema wazi kwamba hoja ya tatu ni anwani ambapo mchakato, yaani programu inayoendeshwa, uanzie tena, na ukitaka uendelee pale pale uliposimama, weka 1.

Kwenye Linux hoja hiyo haitazamwi. Watu wote wanaweka 0 na maisha yanaendelea. Kwenye FreeBSD ile 0 nayo ni anwani. Unamwambia mchakato nenda kaanzie nyumba namba sifuri. Nao ni mtiifu, unakwenda, haukuti nyumba, haukuti hata kiwanja, unakufa. Ndiyo maana kila maiti ilikuwa na 0x0 mkononi, ushahidi ulikuwa mbele ya macho yetu tangu usiku wa lori.

Na sasa sikiliza hili, ndilo lililonifanya nisimame peke yangu gizani nikipiga meza. Mstari wa PT_STEP, ule wa amri ya hatua, hoja yake ya tatu chalii aliiweka 1. Sahihi kabisa! Maana yake pale alisoma mwongozo, au alinakili kwa aliyesoma. Akashuka mistari kumi na kitu chini yake, akakutana na endelea, akachoka. Nikafuta 0 nikaandika 1, nikakompaili, nikaandika endelea, ikahesabu mpaka kumi. Herufi moja. Laki nne, tope, kicheko, na herufi moja.

Nyota moja.

Ila nisiseme uongo. Nilipokuwa nasoma msimbo wake kutafuta uchafu mwingine wa kumtupia, sikuupata. Nilijua kuna mtego kwenye kusoma kumbukumbu: Linux kwa mashine ya biti 64 inakupa baiti 8 kwa mkupuo, FreeBSD kwa PT_READ_D inakupa 4, na mtu akihamisha kichwa kichwa anapata nusu ya jina la dereva. Nilimsubiri hapo kwa hamu. Hakuanguka. Alitumia PT_IO, inayobeba kipande kizima kwa safari moja, na aliipanga vizuri kuliko ambavyo ningeipanga mimi. Mambo ya Linux kayaweka faili lake, ya FreeBSD lake, ya pamoja hayakuguswa. Hata siku ya soda alinitahadharisha kwamba mpangilio wa FreeBSD uitwao security.bsd.unprivileged_proc_debug ukiwa 0, mtumiaji asiye root, yaani msimamizi mkuu, hataruhusiwa kuchungulia chochote, nisije nikadhani dibaga ni mbovu. Na kweli wetu ulikuwa 0. Mtu anayejua hilo si tapeli. Tapeli asingefika hapo.

Kwa hiyo tuseme nyota tatu. Labda tatu na nusu, kwa sababu dibaga sasa inafanya kazi kila usiku, na vijana wanaipenda, na laki nne kwa kazi ya kiwango kile si ghali.

Halafu nakumbuka wale watatu wakicheka na chipsi mdomoni. Moja. Kazi nzuri hainipi kiti. Mtu wa umri wangu anakuja na mvua kwenye ofisi yako, unamwacha amesimama kama mdeni, na kosa ni lako? Angesema tu "mama nisamehe, ngoja niangalie", ningemletea wateja kutoka Unga Limited yote. Anayetaka kumpa kazi ampe, mikono anayo. Ila asilipe nusu ya pili mpaka aone endelea kwa macho yake, na aende na kiti chake.

Siku ile ya herufi moja nilimtumia ujumbe, na nakiri ulikuwa wa kitoto: "Nimerekebisha. Ni mstari mmoja. Sikuambii upi." Akakaa kimya, nami nikakaa kimya, mvua zikaisha.

Juzi juzi simu ikalia. "Shikamoo mama. Samahani kwa usumbufu. Ule mstari wa endelea uliubadilishaje? Kuna mteja wangu mwingine ana FreeBSD, na yake inakufa hivyo hivyo."

Nikamuuliza, mteja wa wapi?

"Wa hapa hapa mama. Sakina."