Uzamili wa intelijensia na usalama London: nilicholipia na nilichopata

Swali la kwanza ninaloulizwa kuhusu shahada hii ni kama ukimaliza unaajiriwa usalama. Hapana. MI5, MI6 na GCHQ, mashirika ya ujasusi ya Uingereza, huajiri raia wa Uingereza tu, na huku nyumbani hakuna chuo cha nje chenye mamlaka ya kukuahidi nafasi Usalama wa Taifa. Nalisema mapema kwa sababu kuna wakala wa vyuo hapa Dar es Salaam aliyekuwa akiwaambia vijana kwamba shahada hii ni "mlango wa idara". Mzazi anauza kiwanja kwa maneno kama hayo, na inaniuma.

Mimi nipo benki, kitengo cha kuzuia utakatishaji fedha. Oktoba 2022 Tanzania iliingizwa kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu na FATF, chombo cha kimataifa kinachosimamia vita dhidi ya fedha haramu, na tukaondolewa Juni 2025. Katika miaka hiyo presha ilikuwa kubwa. Kila siku tunaandika taarifa za miamala yenye mashaka, na nyingi nilizokuwa nikizisoma zilikuwa na kila kitu isipokuwa hukumu ya mwandishi: tarehe, kiasi, majina, kisha "tunaomba hatua zichukuliwe". Nilitaka kujifunza kufikia uamuzi kwenye ushahidi usiokamilika na kuutetea mbele ya mtu. Hicho ndicho nilichokipata. Sitataja chuo, kwa kuwa kozi za aina hii pale London zinafanana sana katika yale nitakayoyasema.

Mwaka wenyewe ni mmoja, kuanzia Septemba, na unamalizika kwa tasnifu. Hakuna anayekufundisha kumfuata mtu barabarani wala kufungua kufuli. Unasoma historia ya mashirika haya, sheria zinazoyabana, na hasa makosa yao: shambulio la Pearl Harbor 1941, vita vya Waarabu na Israeli vya Oktoba 1973, Irak 2003. Ripoti ya Lord Butler ya Julai 2004, iliyochunguza taarifa za silaha za Irak, tuliisoma kurasa kwa kurasa. Inaonyesha jinsi tahadhari za wachambuzi zilivyopukutika kadiri karatasi ilivyopanda ngazi, hadi wananchi wakaletewa picha yenye uhakika kuliko ushahidi uliokuwepo.

Kutoka hapo unaingia kwenye mazoezi, na hapa ndipo ada yangu ilipofanya kazi. Wachambuzi wa serikali ya Uingereza wana kipimo cha uwezekano: ukiandika "kuna uwezekano mkubwa" unamaanisha asilimia 80 hadi 90; ukiandika tu "inaelekea" ni 55 hadi 75. Tulipewa lundo la taarifa zinazopingana na ukomo wa kurasa mbili. Mwalimu alikaa upande wa pili wa meza kama waziri, akasoma aya ya kwanza peke yake, akaigeuza karatasi kifudifudi na kuuliza: "Kwa hiyo?" Kama jibu halikuwa kwenye aya ile, kazi imerudi. Pia kuna jedwali la Richards Heuer, mchambuzi wa zamani wa CIA: dhana zote unazipanga juu, ushahidi pembeni, kisha unatafuta ushahidi unaozikanusha, badala ya kulimbikiza unaoiunga mkono ile uipendayo. Nimerudi nalo ofisini. Kabla hatujamwita mteja mtakatishaji, vijana wangu wanaandika kwanza maelezo mengine yanayoweza kuwa kweli: mnada wa ng'ombe, mchango wa harusi, msimu wa korosho.

Kitu kizuri kuliko vyote hakimo hata kwenye ada. Nyaraka za Taifa za Uingereza ziko Kew, magharibi mwa London, na kusoma ni bure. Unatengenezewa kadi, mkoba unaacha kabatini, kalamu ya wino hairuhusiwi, unaingia na penseli na simu ya kupigia picha. Omba mafaili ya FCO 141. Ni karatasi za makoloni zilizofichwa kwa miongo kadhaa na kukubaliwa kuwepo mwaka 2011, wazee wa Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza. Yamo ya Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Mwaka 1961 Waziri wa Makoloni Iain Macleod aliagiza kwamba serikali mpya zisiachiwe nyaraka zinazoweza kuiaibisha Uingereza. Maelekezo yaliyofuata yanaeleza hata namna ya kuteketeza: majivu yavurugwe, au makasha yatiwe uzito na kuzamishwa kwenye bahari yenye kina kirefu isiyo na mkondo, mbali na pwani. Nilikaa na karatasi hizo mchana kutwa, mikono inatetemeka. Aliyezichapa alifanya hivyo kwa utulivu wa mtu anayeagiza samani.

Sasa lawama. Katika orodha nzima ya vitabu vya lazima sikuona mwandishi mmoja wa Afrika Mashariki. Tulipofika kwenye mabomu ya balozi za Marekani ya 7 Agosti 1998, somo lilihusu Washington: Prudence Bushnell, balozi wa Marekani nchini Kenya, aliyelalamikia usalama wa jengo la Nairobi mapema, na ripoti ya tume ya Admirali William Crowe. Ni mambo ya msingi, lakini watu 224 walikufa Nairobi na Dar es Salaam, wengi mno wakiwa Wakenya na Watanzania, na hakuna aliyeuliza polisi wetu walijua nini, au wakazi wa maeneo yale waliona nini. Nilinyoosha mkono, nikaandika pia kwenye fomu ya tathmini. Kozi inayodai kufundisha usalama wa dunia haiwezi kututumia kama mandhari ya nyuma.

Gharama: ada kwa mgeni kwa kawaida inavuka pauni 20,000, bado pango la London, bado tozo ya afya ya pauni 776 kwa mwaka unapoomba viza. Kwa mfuko wako mwenyewe, sishauri. Kwa Chevening, ufadhili wa masomo wa serikali ya Uingereza, nenda. Wanataka uwe na uzoefu wa kazi wa miaka 2 hivi na ukubali kurudi nyumbani kwa miaka 2. Wapo pia wanaoifundisha kwa masafa, lakini hapo utakosa meza ya waziri na Kew.

Inamfaa mtu wa benki, bima, mwanahabari wa uchunguzi, ofisa wa jeshi au polisi ambaye tayari ana kazi ya kurudia. Aliyetoka tu shahada ya kwanza asubiri kidogo. Na kabla ya kulipa chochote, mwandikie mratibu wa kozi umwombe vitu viwili: orodha ya masomo yatakayofundishwa mwaka wako, maana matangazo hutaja hata yasiyofunguliwa, na mfano wa zoezi la uchambuzi la mwaka uliopita. Kama zoezi halipo na kila kitu ni insha, tafuta chuo kingine.