Mashine ya kukereza Myford ML7 kwa kazi ya viko vya tumbaku: inunue kwa ajili ya matundu

Anayetaka kuchonga kiko kimoja cha mapambo haihitaji mashine hii. Tupa, msasa na drili ya mkono vinamtosha. Myford ML7 inastahili nafasi karakanani kwa sababu moja: matundu. Kiko kina matundu matatu, la tumbaku, la moshi na la mdomo, na yasipokutana sawasawa hakuna tupa itakayokiokoa. Kwa kazi hiyo, mashine hii ya kukereza iliyotengenezwa Beeston, Uingereza, kuanzia miaka ya 1940, bado naiweka juu ya mashine ndogo nyingi mpya za bei rahisi. Ni nzito, haitetemeki, na inchi 7 za mzunguko juu ya kitanda, yaani reli za chuma zinazobeba kisu, zinatosha kugeuza kipande cha kiko bila kugonga.

Hapa Mwanza haiuzwi dukani. Hupatikana karakana inapofungwa au chuo kinapobadilisha vifaa, kwa hiyo nenda na vipimo, usinunue mbuzi kwenye gunia. Rangi mpya isikuzuzue. Beringi za shafti kuu, ile inayozungusha kazi, ni za madini meupe laini, si za gololi, na hapo ndipo pesa yako itapotelea. Funga pau ya chuma imara kwenye chaki, yaani kibanio chenye taya mbele ya shafti, weka saa ya kupimia mchezo juu ya shafti karibu na chaki, kisha nyanyua pau. Mshale ukicheza hadi sehemu 5 za mia za milimita, hapana neno. Ukizidi, fungua vifuniko vya beringi: utakuta vibati vinavyobanduka tabaka kwa tabaka. Bandua tabaka moja kila upande, kaza, zungusha shafti kwa mkono. Ikianza kuwa nzito, umepitiliza. Vibati vikiwa vimekwisha, au madini yana mikwaruzo mirefu, hesabu gharama ya kuyeyusha na kumwaga madini ya beringi upya kabla hujataja bei.

Kitanda nacho kina kipimo chake. Sogeza kibebeo cha kisu karibu na chaki, kaza mpaka mchezo uishe, kisha kivute kuelekea kichwa cha nyuma, kile cha mwisho wa kitanda mkabala na chaki. Kikikwama njiani, kitanda kimelika pale mbele. Kwa fundi wa injini ni kasoro kubwa. Kwa viko, itumie kushusha bei tu.

Oili ndiyo inayoua nyingi ya mashine hizi huku kwetu. Watu humimina oili ya injini iliyobaki kwenye gari. Beringi hizi zinataka oili nyepesi ya haidroliki namba 32. Usikubali namba 68, iliyo nzito zaidi, eti ni ileile. Nzito haipenyi vizuri kwenye nafasi nyembamba, shafti inapata moto, na madini laini yanaanza kukwanguka. Jaza vikombe vya oili kabla ya kuwasha, kila siku ya kazi. Kutu ya Mwanza haina chumvi kama ya Dar es Salaam, lakini unga wa mti hunyonya oili na kushika unyevu wa masika palepale kwenye chuma. Funika kitanda kwa gazeti wakati wa kupiga msasa, maana chembe za msasa zikichanganyika na oili zitasaga kitanda chenyewe.

Bolti zake ni za inchi. Bolti ya milimita 8 itaingia mizunguko miwili mitatu kwenye tundu la inchi 5/16 na kukudanganya kwamba inafaa. Ukilazimisha, uzi wa skrubu ndani ya tundu umekwenda. Peleka sampuli kwa mkereza wa Nyakato, hapa Mwanza, akukatie.

Umeme si tatizo kwa mota ya awali ya Kiingereza, kwani ni ya hezi 50 kama yetu. Tatizo ni umeme kukatika na kurudi. Swichi ya kawaida itaiwasha mashine peke yake huku mkono wako uko kwenye chaki. Weka kontakta yenye kitufe cha kuwashia, ambayo umeme ukirudi inabaki imezima. Hilo si la hiari.

Sasa kazi yenyewe. Kipande kiwe na pembe mraba, na ubavuni uchore mistari miwili ya katikati, wa tundu la tumbaku na wa tundu la moshi, uone inapokutana. Mti bora ni briari, mzizi mgumu wa kichaka cha Mediterania. Mzeituni pori uliokauka vizuri unafuata. Mninga ni wa kujifunzia kutoboa tu, una vinyweleo vikubwa na unaungua. Tumia chaki ya taya nne zinazojitegemea, na vipande vya mbao laini kati ya taya na mti.

Anza na shingo, sehemu inayopokea mdomo. Sawazisha uso, weka alama kwa biti fupi ya senta, toboa tundu la mdomo la mm 8 kwa kina cha mm 15 hadi 18, halafu la moshi la mm 4 mpaka mstari wa katikati wa tundu la tumbaku. Biti hii ndefu ndiyo mkorofi: hufuata nyuzi za mti, na ikisongwa na unga hupinda. Ipe kasi ya juu, mizunguko 640 kwa dakika, na uitoe kila baada ya mm 5 kuisafisha.

Geuza kipande nyuzi 90 kwa tundu la tumbaku: upana mm 19 au 20, kina takriban mm 40, ukiacha mm 10 chini na ukuta usiopungua mm 6. Biti bapa ya seremala, iliyosagwa ncha kuwa mviringo, inafaa kwa kasi ya 200 au 357. Simama tundu la moshi linapochungulia sakafuni. Likitokea mm 3 juu ya sakafu, unyevu utatuama chini na tumbaku ya mwisho haitawaka. Kamwe usizungushe kinyume: chaki imefungwa kwa uzi na itafunguka.

Mdomo wa eboniti, mpira mgumu mweusi, unakerezwa vizuri hapa, mradi ukumbuke kila alama ya gurudumu la kusogeza kisu ni 0.001 ya inchi kwa nusu kipenyo, kwa hiyo kipenyo kinapungua mara mbili. Ncha yake iingie shingoni kwa kusukuma kwa mkono, ikiwa legevu kidogo tu, kwani shingo ikilowa moshi itaibana. Kung'arisha kufanyike kwenye mota nyingine yenye gurudumu la pamba, mbali na mashine hii, kwa sababu nta ya kung'arishia ina chembe za kusaga na hurukia beringi.